Lalamiko Dhidi ya Pijo Lisilo na Magurudumu

Nyuma ya Soko,
Msambweni.
14 Februari 1999

Kwa Chifu wetu Mheshimiwa,

Baada ya kukutakia afya na subira, kwani utaihitaji, mimi Wambua Muange, dereva wa hoteli kule Diani kwa miaka kumi na saba bila kugonga hata kuku, nashtaki gari. Jumanne asubuhi nilikuwa nikitoa pikapu yangu kwa rivasi kwenye njia tunayoitumia pamoja na jirani yangu, Mzee Alamin, nikaligonga Pijo lake lililoegeshwa langoni kwangu. Mlango wake mmoja umebonyea. Mtaa mzima unasema kosa ni langu. Naomba unisikilize:

1. Gari lililosimama ndilo lenye nafasi ya kufikiri. Mimi nilikuwa na usukani, klachi, breki na jua usoni. Lenyewe halikuwa na kazi yoyote, na bado halikupiga hata honi.

2. Mke wangu Nzisa alikuwa nyuma akinielekeza kwa mkono, njoo, njoo. Akatokea Bi Twaiba, mke wa Mzee Alamin, akamsalimu. Nawe wajua salamu za hapa hazikatwi katikati. Walikuwa wamemaliza watoto, wamefika kwa wakwe, na mkono wa Nzisa bado unaniita. Kwa hiyo nusu ya kosa ni ya adabu, na adabu hiyo ni ya wenyeji. Kwetu Ukambani tungejuliana hali mara moja, tukatazama gari.

3. Pijo hilo halina magurudumu. Limekaa juu ya mawe tangu mwaka juzi, na kuku wa Bi Twaiba ameangua vifaranga kwenye kiti cha nyuma mara tatu. Kitu kisichotembea, chenye mlango, madirisha na familia ndani, ni nyumba. Sasa ni nani aliyempa Mzee Alamin ruhusa ya kujenga njiani?

4. Hataki hata litengenezwe. Nilimpelekea fundi, akamnywesha chai kwa mahamri, akamrudisha. Mimi aliniambia neno moja tu: "Sitaki uunyooshe mlango, Wambua. Nataka ukumbuke gari hili lilifikaje hapa." Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo, anasema marahaba huku ametazama kwingine. Mheshimiwa, jambo hilo linaniuma kuliko bampa yangu.

Kwa hiyo naomba uamuru Pijo liandikwe kuwa jengo, libomolewe kabla ya mwezi kwisha, na Mzee Alamin aiombe radhi pikapu yangu mbele ya baraza, kuku akiwa shahidi.

Nisalimie karani wako, askari wa zamu na wazee wote wa baraza. Wasiponiona Ijumaa, wajue nimekosa njia ya kutokea.

Ni mimi raia wako mnyoofu, hata nikienda kinyumenyume,

Wambua Muange

Nyongeza: Nzisa ameisoma barua hii, na amekataa kunipa bahasha mpaka niandike magurudumu yako wapi. Yako chini ya kitanda chetu. Agosti ile ya mwaka wa uchaguzi, vikaratasi vya vitisho vilivyosambazwa mtaani viliposema sisi watu wa bara turudi kwetu, Mzee Alamin alilileta gari lake akaliegesha langoni kwangu, akayafungua magurudumu yote manne ili asipatikane wa kulisukuma, akakaa juu ya boneti na tasbihi yake siku tisa. Kila aliyeuliza alimwambia nyumba ile ni yake. Magurudumu alinikabidhi mimi. "Siku mtakapolala bila hofu," alisema, "nirudishie, nami nitaliondoa."

Sijayarudisha. Jioni hii nakwenda kumwomba radhi, kisha nimwombe aliache palepale kidogo.