Kiti cha Maendeleo

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Msimu wa bajeti kiwandani. Gundi hadi kwenye viwiko. Miaka kumi na saba nimebandika majalada ya vitabu vya bajeti ya serikali, na leo ndipo nimeanza kuvisoma. Msimamizi akipita, najifanya nakagua pembe za karatasi.

Nimegundua jambo. Serikali inadaiwa kuliko mimi, mama watoto na ukoo wake wote tukijumlishwa. Lakini sijasikia hata siku moja Waziri kajificha chooni kwa sababu muuza maziwa anabisha hodi. Mimi wiki iliyopita nimejificha mara mbili. Tofauti yetu ni mpango tu. Kuanzia kesho nyumba hii itaendeshwa kiserikali.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimesoma bajeti ya nyumba baada ya chakula cha jioni. Nilivaa koti la harusi. Mkoba wa ngozi hatuna, nikabeba begi la shule la binti yetu. Matumizi ya kawaida: unga, mkaa, sukari, kodi ya nyumba. Matumizi ya maendeleo: yatatangazwa.

Mama watoto akauliza mapato yako ukurasa gani. Nikamweleza kwamba mapato yako Kitabu cha Kwanza, na mimi hubandika Kitabu cha Pili, cha matumizi. Cha Kwanza kiko meza ya jirani, kwa Bwana Rula, mtu anayepima hata mkate kabla ya kuuma. Mama watoto akasema nyumba si serikali, sisi tujikune tunapofikia. Akaanza kuosha vyombo kabla sijafika kwenye majedwali. Wapinzani hawakosekani popote.

Jambo la pekee tulilokubaliana ni ada. Binti amepata nafasi chuo cha uuguzi. Laki tatu, mwisho Ijumaa ya tarehe 13, saa kumi jioni. Ikipita hapo nafasi anapewa mwingine. Pesa zipo, kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Mama watoto ameshona sare za shule miaka miwili kulijaza. Nimelibatiza Mfuko Mkuu. Wao wanaliita kopo.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimekiona kwa muuza samani zilizotumika. Kiti cha ofisi. Kinazunguka, kina magurudumu, kina pa kuegemeza kichwa. Laki mbili na nusu.

Hesabu yangu ni hii. Nitakaa barazani jioni, niwaandikie watu barua na maombi ya kazi kwa malipo. Nani atamwamini mwandishi wa barua aliyekalia ndoo? Kitabu cha Pili, ukurasa wa sitini na moja, kinasema wazi kwamba samani huongeza ufanisi. Na serikali ikipungukiwa hukopa kwa wananchi wake. Basi nami nimekopa kwa wananchi wangu, kwenye kopo, wakiwa sokoni. Sikuiba. Nimeacha humo hati ya riba asilimia kumi na mbili, yenye mhuri niliochonga kwenye kiazi.

Mama watoto nimemwambia kiti ni cha kuazima. Amekiinamisha kutafuta jina la mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Baraza ina mteremko. Miaka yote hii sikujua. Nikianza sentensi nipo mlangoni, nikiimaliza nipo kwenye mfereji. Nimeweka tofali.

Mteja wa kwanza: muuza maziwa. Alitaka barua ya kumdai mtu sugu. Nikaandika kwa ukali unaostahili. Niliweka "mwizi wa mchana" na "fedheha kwa familia yako." Akaisikiliza mara mbili, akafurahi, akasema sasa nijaze jina la mdaiwa. Ni mimi.

Malipo ya barua ameyakata kwenye deni. Barua ameniachia. Imeandikwa vizuri sana.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mama watoto ameshusha kopo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kitandani, kopo mapajani, akahesabu elfu hamsini zilizobaki, akazihesabu tena. Binti akasoma hati yangu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama chuoni wanapokea mhuri wa kiazi. Naandika bila kuficha: niliona aibu, na nilitamani anitukane.

Nikawaeleza kwamba mataifa makubwa hayalipi deni, huzungusha. Unakopa kwa huyu unamlipa yule. Mama watoto akasema nizungushe basi, lakini Ijumaa saa kumi isinikute bado nazunguka.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Shemeji mwenye bucha amenikopesha laki moja na nusu. Nilimwambia ni za ada, na zilikuwa za ada mpaka nilipofika kona. Hapo nikakumbuka kwamba mkopaji ni sifa yake. Nikiwalipa wadai wadogo leo, kesho wataniamini kwa mkopo mkubwa zaidi. Nikamlipa muuza maziwa. Nikamlipa mwenye duka. Nikamlipa hata kinyozi, ambaye alikuwa amesahau.

Muuza maziwa akanishukuru sana. Akasema amejifunza, na kuanzia kesho hamkopeshi mtu yeyote. Mwenye duka vilevile. Kinyozi akaniombea dua.

Imebaki elfu ishirini. Na zile za kopo, ambazo mama watoto sasa analala nazo.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimejishusha. Nimemwomba Bwana Rula mkopo. Badala ya pesa akanifungulia Kitabu cha Kwanza, akaweka rula chini ya mstari mmoja. Akasema serikali hukusanya kodi kwa mamilioni ya watu, je, mimi nakusanya kwa nani? Nikataja muuza maziwa. Akafunga kitabu taratibu.

Kisha akaniuliza kama nimewahi kukiona Kitabu cha Tatu, cha kulipa madeni. Sikujua kama kipo. Akasema hakifiki kwenye meza zetu kwa sababu ni kinene mno, gundi haikishiki. Kinashonwa kwa uzi.

Kunyimwa sikujali sana. Ila huo uzi umenikosesha raha siku nzima.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mama mkwe amefika na begi. Shemeji alikwisha kusikia kwa dada yake, akamweleza yote. Hakukubali maji. Akakalia kiti changu, tofali likachomoka, akateleza hadi mfereji, akarudi bila kubadili uso. Akaomba nimletee bajeti. Akaisoma dakika moja.

Masharti yake. Mshahara wangu utapitia mikononi mwa binti yake. Kiti kirudi kilikotoka. Koti la harusi lisivaliwe mezani. Shemeji alipwe kabla ya mtu yeyote kufikiria jambo lolote jipya, hasa mimi. Nikasema mashirika ya kimataifa huwa na lugha laini kidogo. Akasema kukopa harusi, kulipa matanga.

Halafu akafungua fundo la kanga yake. Laki mbili na nusu, taslimu. Mama watoto akashika mdomo, kwa sababu sote tunajua ni pesa za bati. Paa lake linavuja tangu mwaka juzi.

Nilitia saini. Kiazi alikikataa.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Ada imelipwa saa tisa na dakika hamsini. Karani akagonga mhuri wa kweli. Binti akamkumbatia bibi yake, kisha mama yake, kisha mimi, ingawa sikustahili. Nikatokwa na machozi hapo dirishani. Karani akadhani mimi ndiye niliyelipa, akanipongeza. Sikumsahihisha.

Kiti nimekirudisha. Muuza samani akanipa laki moja na ishirini. Nikamwambia nilikinunua kwa laki mbili na nusu. Akasema sasa kimetumika. Mama mkwe alikuwa ananingojea nje na mkono wazi.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Tumemsindikiza binti kituoni. Alivaa viatu vipya alivyonunuliwa na mama yake. Akaangalia vyangu, akanivuta pembeni, akaniwekea noti mfukoni. Ya pesa zake za kusuka nywele. Akasema, baba, katie viatu soli, usimwambie mama. Basi likaondoka, nami nikalipungia mkono mpaka kona.

Jioni nimeiingiza vitabuni: msaada kutoka nje, hauna masharti.

Ingawa naona nimeruka jambo, maana kabla ya kufika nyumbani nilipitia kwa muuza samani. Kiti bado kipo. Amekipaka mafuta, amekitundikia bei mpya, laki tatu. Jumatatu hadi Ijumaa walinicheka, kumbe kitu chenyewe kinapanda thamani! Nikamuuliza kama anapokea kianzio.

Anapokea. Noti ya binti imetosha kabisa.