Ungali Pale?

Jumatatu, tarehe 2 juin
Nimepata kazi ya majaribio! Mimi na mwenzangu Kanyere. Kampuni ya kubeba mizigo inataka tujaribu site yake ya internet kabla haijafunguliwa: ukiingia na Chrome, ukiingia na Firefox, yote iwe sawa. Mwisho wa juma bosi, Monsieur Félicien, atabakisha mumoja. Ni mimi, wazi.
Ukiacha kugusa kwa muda, site inauliza: Ungali pale? Usipojibu, inakufungia mulango. Wameandika Kiswahili ili wafanyabiashara wa Nizi waelewe.
Kumbe kwa Firefox inauliza ovyo, hata mikono ingali inaandika. Kosa la site yetu. Lazima niripoti.
Sikuripoti. Tangu bwana yangu Yves aende Bambu kuchimba dhahabu, hakuna mutu ameniuliza vile. Nikabonyeza "Niko". Tena. Tena.

Jumanne, tarehe 3
Akili! Kanyere asiguse Firefox. Nikamwambia achukue Chrome na simu, nitabeba ile nzito mwenyewe. Akasema, Mama Plamedi, tangu lini weye uko na roho muzuri? Matusi.
Kwa Félicien nikasema Firefox iko bien, hakuna kosa. Hata sana.
Nyumbani mutoto wangu Plamedi alitaka kupigapiga batani za clavier ya machine ya kazi. Nikamukatalia, kazi ni kazi. Akalia. Nikamupakata, tukabonyeza "Niko" pamoja. Nyumba kubwa kwa watu wawili.

Alhamisi, tarehe 5
Haya! Félicien alialika muzee Isidore wa Nizi ajaribu site mbele ya wakubwa. Akamukalisha kwenye machine yangu ya Firefox!
Muzee anaandika magunia yake ya maharagi. Ungali pale? Akajibu kwa sauti, niko. Anaandika. Ungali pale? Niko, baba! Mwisho akasimama: hii machine iko kipofu? Hata bibi yangu haniulizi hivi, na yeye iko na wivu!
Wakubwa wakacheka. Kanyere akacheka kuwapita. Félicien hakucheka.

Ijumaa, tarehe 6
Kosa la site limerekebishwa. Kanyere amebaki kazini. Félicien aliniuliza kwa upole sababu gani nilificha. Nikasema sikuona.
Kabla ya kurudisha machine nikafungua Firefox, nikaandika kidogo, nikangoja. Kimya.

Jumamosi, tarehe 7
Yves amepiga! Alipanda kilima kutafuta réseau ya simu. Nikasema allo. Sauti ikakatika, kisha: Lydie? Ungali pale?
Eh, moyo! Kinywa kilitaka kujibu. Nikakikataza. Nikanyamaza ili aulize tena.
Akauliza. Mama Plamedi, ungali pale? Nikamuziba mutoto kinywa kwa mukono. Akauliza tena, polepole, kama mutu anayebisha mulango wa mugonjwa. Kisha simu ikakata.
Nimemupigia, hapatikani. Ameshuka kilima.
Hakuna neno. Kosa langu nimeliona: niliweka simu mbali na sikio, ile ya mwisho sikuisikia vizuri. Akipiga tena, nitafungua haut-parleur sauti itoke kubwa, halafu ninyamaze muzuri zaidi.