Spika Niliyoikausha Kama Mbegu

Jamaa zangu wa Bungoma, leo nimevuliwa nguo na spika. Tena yangu mwenyewe!

Mnajua mimi si mtu wa kutoka. Nikifika Matisi hapo karibu, hiyo ni safari. Furaha yangu ni redio, na ile spika yake ya sanduku la mbao niliyoipata mnadani Kitale, Mzungu mmoja alipofunga shamba. Zilikuwa mbili, pacha. Moja nikachukua mimi, nyingine jirani yangu Wafula. (Ningejua, ningezichukua zote mbili nikazilalia.)

Mwaka wa kwanza ziliimba sawasawa. Mwaka wa tatu yangu ikaanza kukoroma. Ya Wafula? Bado inaimba kama msichana wa kwaya! Kila Jumapili watu wakitoka kanisani wananipita mlangoni wakienda kwake. Hata mke wangu!

Mwezi uliopita nikameza kiburi. "Wafula, hiyo spika yako unailisha nini?"

"Hakuna kitu, bana. Ndani ni karatasi tu, na karatasi haitaki unyevu. Weka mahali pakavu. Halafu..."

Pakavu! Nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nani asiyejua mahali pakavu? Mahindi ya mbegu tunayatundika juu ya meko, moshi unayapiga miezi na miezi, na mdudu hayagusi. Nikaifunga spika kwa kamba, nikaining'iniza katikati ya mahindi.

"Baba Nasimiyu," mke wangu akauliza, "na hiyo tutaipanda lini?"

Nikakaza fundo. Mwenye wivu hana masikio.

Sasa leo. Baba mkwe amekuja kututembelea, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Chai hajaimaliza, mke wangu ananinong'oneza, "Tumpeleke kwa Wafula asikie kwaya redioni."

Jamani! Baba mkwe wangu aburudishwe na Wafula? Arudi akasimulie ukoo mzima ati binti yake ameolewa jirani na mtu mwenye redio?

"Atasikia hapa hapa," nikasema. "Na Wafula naye aje asikie." (Ndiyo, nilienda kumwita kwa miguu yangu mwenyewe.)

Nikaiteremsha. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya matanga. Nikapangusa mbao mpaka zikang'aa. Kule ndani, sikuangalia. Nikaunga nyaya. Mzee ana sikio zito kidogo, akasogeza kiti, akaweka uso mbele ya spika kabisa. Wafula akakaa nyuma.

Sauti ikatoka nyembamba, kama mbuzi aliyefungiwa stoo.

"Mbona inanong'ona?" Mzee akauliza.

"Inapasha mwili, Baba."

Wafula akakohoa. Kile si kikohozi, nakijua! Nikashika kitufe cha sauti, nikakizungusha mpaka mwisho.

Kwaya ikapaza sauti mara moja tu. Karatasi, iliyokauka kama chapati ya juzi, ikapasuka, praaa! Masizi ya mwezi mzima yakatoka kwa pumzi moja, yakatua usoni mwa baba mkwe.

Nikaona macho mawili meupe yananitazama.

"Mwanangu," akasema polepole, "hii ni redio ama ni bomba la moshi?"

Wafula, mtu mwema (hilo ndilo linaloniuma zaidi), akatoa kitambaa akampangusa. "Pole, Mzee. Karatasi ya spika ni kama ngozi ya mtu mzima. Unyevu unaiozesha, joto nalo linaipasua. Na haipendi kupigishwa kelele. Yangu inakaa tu kwa kona, mama watoto ameifunika leso."

"Hayo ya joto mbona hukuniambia?" nikafoka.

"Si ulikimbia nikiwa bado naongea?"

Mke wangu akaangalia paa. Mzee akainuka, akakung'uta koti, akamgeukia Wafula. "Hiyo yako iko mbali, kijana?"

"Hapo tu, Mzee."

Wameenda wote. Mke wangu amebeba birika la chai, tena bila kuniangalia. Mimi nimebaki nyumbani, mahali ninapopenda, na leo sipapendi hata kidogo.

Nawaomba msicheke. Wa kucheka wametosha. Nawasikia kutoka hapa, safi kabisa, na hakuna kitufe cha kuwapunguza.