Mzimu wa Darini

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mwandishi wa tamthilia kanidokeza kwamba Ijumaa tunarekodi wachunguzi wa mizimu wakiufukuza mzimu. Mzimu ni mimi! Nikifukuzwa, kazi imekwisha. Na mama mkwe keshatangazia mtaa mzima kwamba mkwewe ni nyota wa televisheni. Juzi kaniita mwanangu, kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimepata. Nyumba tunayorekodia ikionekana ina mzimu wa kweli, nani atathubutu kuufukuza, hata wa kuigiza? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mtaka cha darini sharti apande. Wenzangu walipokwenda kula, nikapanda. Nikagonga mbao. Nikaguna. Vumbi likanipalia. Kisha panya! Nikamwita Mungu, nikamwita mama, nikamwita hata mama mkwe. Niliposhuka, mwigizaji wa mchunguzi mkuu, ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu, alikuwa kapauka midomo. Nikapumua kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwisha. Fundi sauti kaniuliza panya wa darini hawajambo. Kinasa sauti! Kilikuwa kimebanwa kifuani mwangu, ndani ya sanda ya kuigizia, na sikukizima. Nikamsihi afute. Akasema mwongozaji keshasikiliza, mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Mwongozaji kaniita. Akanikumbatia! Eti hajapata kusikia hofu ya kweli namna ile. Mzimu haufukuzwi tena, unabaki mpaka mwisho wa tamthilia. Nikaanza kumshukuru. Akanikatiza.
"Ila wewe usije tena. Mzimu usioonekana unatisha zaidi, na sauti tunayo."
Nimejichimbia kaburi, na sanda nimerudisha stoo. Mama mkwe nitamwambia nini?

Jumamosi, 8 Machi
Sikumwambia. Sebule yake ilijaa majirani hadi mlangoni, mimi nimeketishwa mbele kama bwana harusi. Kipindi kikaanza. Kila mlango ukifunguka, shingo zinanyooka. Sionekani. Jasho likanitiririka. Jirani mmoja akauliza, kwa upole kabisa, nyota yuko wapi. Mara televisheni ikalia, "Mama mkwe! Nisaidie, nakufa!"
Mama mkwe akainuka taratibu, machozi yakimlengalenga.
"Huyo si mzimu," akawaambia. "Huyo ni mwanangu."
Ningeweza kunyamaza hapo. Nikasema wiki ijayo wataniona na uso.
Kwa hiyo Jumatatu najificha kabatini kule wanakorekodia, nachomoza kamera ikiwaka. Mpango hauna kasoro. Sanda ninayo: shuka jeupe la mama mkwe. Nimeshalikata matundu ya macho.