Picha Kubwa Kuliko ya Thani

Alhamisi, 12 Juni 1997. Khuwair, Maskati.

Mchana tulialikwa kwa Thani, Mabela. Thani ni mwanyumba wangu: yeye kamuoa Sayyida, mimi nimemuoa mdogo wake, Muhsina. Chakula kizuri, sitasema uongo. Lakini juu ya mito ya majlis, chumba chake cha wageni, katundika picha, yeye na Sayyida mbele ya mnara wa Paris. Upana wake mlango wa friji. Watu wazima wanakula huku Thani anawatabasamia kutoka ukutani. Nimeongeza wali mara mbili kwa hasira.

Jumapili tunasafiri kwenda Vienna, safari niliyomuahidi Muhsina tangu harusi. Nilikuwa sijaijua faida yake. Leo nimeijua. Ijumaa ya tarehe 27 wanakuja watu kumposa binti yetu Noof. Thani atakaa katika majlis yangu, atainua macho, ataona picha. Kubwa kuliko yake.

Garini Muhsina kanisoma usoni. Kasema kaingoja safari hii miaka ishirini na miwili, na anataka siku tano na mume wake, si na Thani. Nikimtaja Thani huko hata mara moja, atatembea peke yake. Nimekubali. Jina fupi vile, litanishinda nini.

Jumamosi, 14 Juni. 

Nimekwenda sokoni Matrah. Nimenunua papa mkavu, mzima, maana hoteli za Ulaya mtu hajui anachokula. Muuzaji aliposikia nakwenda wapi kanionya kwamba papa huyu ananuka. Nimemwambia papa asiyenuka si papa. Nimechukua na ubani wa Dhofar, ule wa kijani khasa, na mkaa wa vidonge. Chetezo nimebeba cha marehemu mama. Muhsina kauliza chetezo cha nini safarini. Nimemjibu mtu hasafiri bila ya harufu ya kwao. Habari za papa hajui. Papa kalala sandukuni, chini ya kanzu zangu.

Jumatatu, 16 Juni. Vienna.

Mji msafi. Watu hawaamkiani. Mto wanao, mkubwa, lakini sikuona mtu aliyekaa kando yake.

Nimeanza kazi mara moja. Kila apitaye nampa kamera atupige, mimi na Muhsina, mbele ya kitu kirefu. Tumepigwa mbele ya kanisa, mbele ya sanamu, mbele ya jengo ambalo baadaye tumeambiwa ni benki. Muhsina kasema kile kigurudumu cha filamu hakizunguki kila kamera inapopiga, na dukani Ruwi walisema lazima kizunguke. Nimemwambia mambo ya kamera aniachie mimi. Nilimwambia kwa upole.

Thani sijamtaja. Nimemfikiria kutwa, lakini hilo halimo katika makubaliano.

Jumanne, 17 Juni. 

Leo kasri ya wafalme wao wa zamani. Vyumba havina mwisho, na barza hakuna hata moja. Nimeuliza. Mfalme jioni alikuwa anakaa wapi na wenzake, Mungu ndiye ajuaye.

Nje nikampa kamera mtalii mmoja mzee. Nikataka kasri iingie yote. Nikamwambia arudi nyuma. Arudi tena. Muhsina jua lilikuwa linampiga usoni, akauliza kwani lazima yote iingie. Nikasema lazima, maana mnara wa Thani umekatwa kichwa.

Hata yule mzee, asiyejua Kiswahili, alitambua kwamba pameharibika.

Muhsina kachukua kamera. Kachukua na ramani. Kasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, tutaonana hotelini, Baba Noof. Nimerudi kwa miguu, nimepotea njia mara mbili.

Jumatano, 18 Juni. 

Asubuhi katoka peke yake, na viatu vya kutembelea. Mimi nikajitia nimelala. Kisha nikakaa kitandani nikaitazama mvua. Nilimkumbuka, na hata saa haikwisha tangu aondoke. Nalisema hili mara moja, sitalirudia.

Ndipo nikapata mpango. Nitampikia mchuzi wa papa. Mwanamke wa Unguja hawezi kumnunia mume aliyempikia papa ughaibuni.

Jiko chumbani hakuna. Lipo birika la umeme la chai. Nikamkata papa kwa kisu cha matunda, nikamtia humo. Birika likachemka, papa akafufuka.

Simu ikalia. Mwanamke wa mapokezi kaniuliza, kwa adabu kubwa, kama nahitaji daktari. Nikasema sihitaji. Akasema wageni wa ghorofa nzima wanauliza kuna nini. Nikamwomba anipe nusu saa.

Basi nikawasha chetezo. Ubani nikatia kiganja kizima, maana papa alikuwa mwingi. Dirisha nikalifunga ili moshi ukamate vizuri. Na ulikamata, chumba kikaanza kunukia kama nyumba ya watu. Hapo kidude cheupe kwenye dari kikaanza kupiga kelele. Kikafuatiwa na ghorofa nzima. Kisha hoteli nzima.

Tulitolewa nje sote, mvua inanyesha. Wenzangu wamejifunika makoti. Mimi nilikuwa na kikoi, fulana na chetezo mkononi, kwa sababu ni cha mama, siwezi kukiacha kiungue. Kilikuwa bado kinafuka. Zimamoto wakaja na magari mawili. Mkubwa wao akanusa, akauliza hiki nini. Nikamwambia ubani wa Dhofar, daraja la kwanza. Akaandika.

Halafu nikamwona Muhsina ng'ambo ya barabara, kashika mfuko wa keki. Akasimama akanitazama. Akatoa kamera, akanipiga picha moja. Kisha akacheka mpaka akashikilia nguzo ya taa. Miaka mingi sijamwona akicheka vile. Aibu yote ikanitoka, nikafurahi. Nikamwinulia chetezo.

Alhamisi, 19 Juni. 

Hoteli imetuomba tuhame. Papa wamebaki naye.

Nadhani nimesamehewa. Muhsina kanipa nusu ya keki, kanipeleka kuwaona farasi weupe aliowaona jana. Filamu yangu kanirudishia. Yeye juzi alinunua mpya, akatiliwa na mwenye duka. Yangu nimeitia mfuko wa kifuani. Humo ndimo alimo Thani, kashindwa.

Jumatatu, 23 Juni. Khuwair.

Fundi wa picha kanirudishia filamu. Tupu. Kasema haikushika tangu mwanzo, kamera ilikuwa inapiga hewa. Kauliza kama kigurudumu kilikuwa kinazunguka. Nimemwambia hilo halimhusu.

Filamu ya Muhsina imetoka yote. Farasi. Kasri, na imeingia nzima. Mimi nimo katika picha moja tu, ile ya mvuani.

Sikula mchana. Ijumaa watu wanakuja na ukuta ni mtupu. Muhsina kasema tutundike farasi. Farasi atathibitisha nini? Nimerudi kwa fundi na ile moja, nimemwambia aikuze. Kauliza kiasi gani. Nimetanua mikono.

Ijumaa, 27 Juni. 

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Noof uso wote nuru.

Thani kaingia, kaitazama picha. Kaitazama sana. Kauliza, mwanyumba, hapo umeokolewa au umekamatwa? Halafu ikabidi akae chini, mbavu hana. Baba wa kijana, mtu mzito ambaye sijapata kuyaona meno yake, kavua miwani kafuta machozi. Kasema sasa moyo wake umetulia, maana kaona binti anatoka nyumba isiyo na makuu. Nyuma ya pazia nimemsikia Muhsina, yeye na dada yake, hoi kwa kicheko.

Nimemimina kahawa.

Jumamosi, 28 Juni. 

Nimekwenda Mabela kurudisha sinia la Sayyida. Utepe wa kupimia nguo nilikuwa nao mfukoni. Nimepima. Picha yangu inaizidi ya Thani kwa vidole vinne! Thani kanikuta nimesimama juu ya mito yake. Nimemwambia ukuta wake umepinda.

Kasema Oktoba Sayyida anakwenda Roma. Nimerudi nikamwambia Muhsina. Kumbe anajua. Kasema dada yake kamwalika na yeye keshakubali, watakwenda wanawake wawili, waume tutabaki.

Nimemsikia vizuri sana. Nikachukua gari nikaenda Matrah. Mara hii papa sichukui. Nimenunua ng'onda watano, samaki wa kupasua na kukausha, na ng'onda hanuki kama papa. Wako sandukuni, chini ya kanzu.