Mtu wa Juu ya Bati

Simu ya Spana, fundi magari, ndiyo iliyoleta habari pale kwenye benchi la kahawa: Lenzi, mpiga picha wao wa harusi na paspoti, ameshinda shindano la picha bora ya anga.

"Oneni wenyewe!" Spana aliinua simu. "Jua linazama, dhoruba inakuja, mawingu mekundu kama makaa! Na huyu mtu juu ya paa, katandaza mikono. Chini kaandika, 'Mja Akiyaabudu Machweo.'"

Lenzi akakohoa kidogo, kikohozi cha mshindi. "Majaji wamesema yule mtu ndiye roho ya picha."

Sindano, mshonaji nguo, alikuwa anapuliza kahawa yake. Akaivuta simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Lenzi, huyu anayeabudu ni mimi."

Akaigonga picha kwa kidole.

"Nilikuwa nimelalia bati kifudifudi ili lisiruke na upepo! Mke na watoto wako chini wanalia. Nikakuona barabarani na kamera yako, nikakuita mpaka sauti ikakauka!"

"Niliona unanipungia mkono. Nami si nilikupungia?"

"Nilikuwa naomba kamba!"

Spana alicheka mpaka akashika nguzo. "Jamani! Mtu anakaribia kupaa na bati lake, mwenzake anatafuta pembe ya kupigia picha!"

"Nyie sanaa hamuijui," Lenzi alibetua midomo. "Mwanga ule unakaa kidogo tu. Ningekwenda kutafuta kamba, ungenisubiri?"

"Na bati langu lililoruka kwa jirani, lilikusubiri?"

"Mwanangu," Bi Kahawa alidakia huku akisuuza vikombe, "hata mbwa angebweka."

Kilichomchoma Sindano si bati. Jioni ile, mkono wa Lenzi ulipoinuka, yeye alielewa kuwa anaambiwa, "Nakuja." Ndiyo maana alizidi kung'ang'ania na vidole vinachanika. Kumbe jamaa anasalimia.

Upepo ukainua vumbi. Upande mmoja jua lilikuwa linashuka, upande wa pili wingu zito jeusi linapanda. Lenzi akaruka, akafungua mkoba wa kamera.

"Sindano, leo mwanga utakuwa balaa! Utapanda paani saa ngapi?"

Bi Kahawa akashika kichwa. Sindano alimtazama Lenzi kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Sasa hivi," akasema. "Ila leo mja ni wewe."

Spana akakamata mkono mmoja, Sindano mwingine. Muda si muda Lenzi alikuwa kifudifudi juu ya paa la mshonaji, bati linampiga kidevu, anapiga kelele aletewe kamba.

Chini, Sindano alisimama na kamba begani, jicho kwenye kamera ya Lenzi.

"Tulia, msanii! Usinifumbie macho, mwanga unaisha!"

Akapiga picha moja, ndipo akapanda na kamba. Picha ilitoka kidole gumba kitupu, lakini bati halikwenda popote.