Risasi Zenye Uwazi

Ofisi ya kata ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba Arusha imeingia rasmi katika zama za risasi zenye uwazi. Kuanzia Jumatatu, kila mwenye bunduki ya kibali katika kata atatumia risasi za kuwaka tu, ili mwananchi azione zinakokwenda na akwepe mwenyewe.

Gadiel, katibu wa Kamati ya Uwazi wa Risasi, aliliandika tangazo hilo mara kumi na moja na kuamini kila neno. Ajira yake ilikuwa ya mkataba, na mtu wa mkataba huamini haraka.

Yote yalianza kwa Tabea, muuza ndizi aliyepanga chumba nyuma ya majumba ya kuta ndefu kule Njiro. Risasi ya sherehe ilipigwa juu, ikashuka, ikatoboa bati lake na kuzama kwenye godoro la mama yake. Bibi huyo alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kuchemsha chai. Tabea alitaka jambo moja: mpigaji ajulikane kabla mama hajauawa.

"Kwa uzoefu wa ofisi," alisema Sumari, Mwenyekiti wa Kamati, "risasi za hovyo zote hutoka kule uswahilini, Daraja Mbili."

"Kule kote mpaka hapa zinapanda bodaboda?" aliuliza Tabea.

Swali hilo halikuingizwa kwenye muhtasari.

Ili njia ya risasi ionekane, Kamati ikamwita mtaalamu wa risasi za kuwaka, Afande Ezra, mwanajeshi mstaafu. Akaeleza kwamba nyuma ya risasi ya kuwaka kuna kitundu kilichoshindiliwa unga wa kemikali. Baruti ikilipuka, unga unashika moto na risasi inachora mstari mwekundu. Waingereza walizitumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipochoka kupiga bila kujua wanapiga wapi. Wajumbe waliguswa. Hali hiyo waliifahamu.

"Kisheria je?" akauliza Gadiel.

"Azimio la mataifa la mwaka 1868 lilikataza vitani risasi ndogo za kulipuka au kuwaka. Hizi zimevumiliwa, maana lengo lake ni kuonyesha njia, si kumchoma mtu."

"Andika," akasema Mwenyekiti. "Mwananchi akiungua, ataungua bila kulengwa."

"Lakini mheshimiwa, hivi ni vitu vya jeshi. Raia kupewa..."

"Kwetu ni vifaa vya uelimishaji."

"Halafu huo mstari unaonyesha pia..."

"Inatosha, afande. Chai imefika."

Jumamosi jioni, wiki ile ile agizo lilipoanza, Mwenyekiti alimfanyia binti yake sendofu ya kumuaga kabla ya harusi, nyumbani kwake Njiro. MC alipoomba shangwe, baba mtu akanyanyua bunduki akapiga juu. Mstari mwekundu ukachomoza katikati ya bustani yake, ukapita juu ya ukuta, Njiro nzima ikitazama. Nyuma ya ukuta bati likalia.

Keki haijakatwa, Tabea akaingia getini na mama yake, nusu ya mtaa ikiwafuata.

"Chanzo bado hakijabainika," akasema Mwenyekiti, bunduki ingali mkononi. "Wageni wote, geukeni mtazame mlima."

Wageni walikuwa watumishi watiifu. Wakageuka kuutazama Meru, uliokuwa umefunikwa na mawingu tangu mchana.

"Hilo ni tundu la pili," akasema Tabea. "Mama yangu hana tena pa kulala."

Gadiel, mmoja wa wageni, aliogopa. Lakini aibu ilimzidi, akafungua daftari na kuandika, mahali pa mpigaji, majina ya Mwenyekiti, yote matatu, kwa herufi kubwa.

Mwenyekiti akatazama huku na huku. Watu walikuwa wengi, na malezi ni malezi: mkubwa huamkiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu bibi, akivua viatu mbele ya mlango wa sebule. "Haya, nionyeshe kitanda changu."